Jiwe la Jael

Riyadh, 3 Februari 2013

Kwako Bi Wahida,

Hatujuani. Jina lako nimepewa na Victor, yule dereva Mkenya wa lori la fanicha aliyekuletea kabati mwezi uliopita. Alisema ulimpa chai na mandazi, akaona mezani picha nyingi za mawe ya makaburi, akakuuliza kama wewe ni mchawi, nawe ukacheka. Kwa hivyo najua unaweza kucheka, na hilo ndilo limenipa nguvu ya kuandika.

Naitwa Beldina. Natoka Vihiga, magharibi ya Kenya. Nafanya kazi ya nyumbani hapa Riyadh, karibu na maduka ya Sulimaniyah, lakini hayo maduka nayaona kwa dirisha la gari tu. Simu yangu iko kwa madam. Hunipa mara moja kwa mwezi niongee na mama, yeye akiwa amesimama hapo. Ndiyo maana naandika barua kama watu wa zamani. Victor anakaa Shumaisi chumba kimoja na mlinzi wetu, kwa hivyo barua zitapitia kwa mlinzi.

Dada yangu Jael alikuja Jeddah mwaka wa 2010. Alifanya kazi Al-Hamra, kwa familia yenye nyumba kubwa upande wa bahari. Mwaka uliofuata, wakati wa joto, msichana wa nyumba ya jirani anayeitwa Fridah alitupigia simu akasema Jael ameugua siku chache, amekufa, na ameshazikwa. Hiyo tu. Ajenti alizima simu. Kila ofisi tuliyoenda walisema hawaoni jina lake popote. Mama yangu hajawahi kupewa hata karatasi moja.

Sasa mama anataka picha ya jiwe la kaburi lake, na nitakueleza kwa nini, ili usione ni jambo dogo. Kwetu mtu akifia mbali na mwili usirudi, tunazika shina la mgomba mahali pake, tunamlilia, na anakuwa amefika nyumbani. Mama hajaweza kufanya hivyo. Kuna maneno yameenea kijijini kwamba Jael alibadilisha dini huku ili apate kazi nzuri, na kina mama wa kanisa wamesema hawawezi kumwimbia mtu ambaye hawajui alikufa akiwa upande gani. Mama mwenyewe ndiye amewaongoza hao kina mama miaka mingi. Anaamini picha ya jiwe lenye msalaba na jina la Jael itawafunga midomo. Nilipokuja Saudi mwaka jana niliambia watu nafuata kazi. Nilifuata hilo jiwe, nikaangukia Riyadh.

Victor anasema unapiga picha makaburi ya wageni, yale yasiyo ya Waislamu. Kama unaweza, naomba unitafutie Jael.

Wako,
Beldina


Jeddah, 4 Rabiul-Akhir 1434 (14 Februari 2013)

Mwanangu Beldina,

Mwambie Victor ningekuwa mchawi ningemfanya ashushe lile kabati bila kunipasulia kioo chake.

Na mie nijitambulishe. Mie ni mtu wa Unguja niliyezaliwa hapa Jeddah. Wazee wangu walikuja baada ya mwaka sitini na nne wakasema ni kwa muda, na muda wenyewe ndio huu. Nilifanya kazi ya kutafsiri katika ofisi moja ya wageni, na kazi hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye makaburi yale. Yamo mjini, nyuma ya ukuta mrefu, na watu hupita kila siku wasijue kuna nini ndani. Humo wamelala mabaharia, watoto wachanga, wafanyakazi wa kila taifa, na pembeni kabisa kuna safu ya mawe ya Mayahudi wa zamani, wafanyabiashara waliotoka Aden na kwengineko.

Safu hiyo ndiyo iliyonianzisha. Kuna mzee anaitwa Samuel, anakaa Uingereza, anayeandika nasaba ya ukoo wao. Alikuwa akitafuta kaburi la babu wa babu yake aliyeuza vitambaa hapa. Akaiandikia ile ofisi, ofisi ikanitupia mie. Nilianza na jiwe lake moja, sasa nayapiga picha yote, maana jua na chumvi ya bahari vinayala, na Samuel anasema kila jiwe lina watu wake wanaolitafuta mahali fulani.

Kazi yenyewe ina adabu zake. Jiwe halisuguliwi kwa sabuni wala halipakwi chaki, utalisafisha leo ukaliua kesho. Nalimwagia maji, napitisha brashi laini, halafu nashika kioo cha kujitazamia nirushe jua kwa ubavu, na herufi zilizolala zinainuka. Maandishi ya Kiebrania siyajui hata moja. Napiga picha, namtumia Samuel, naye ananisomea kwenye simu kwamba huyu ni fulani mwana wa fulani. Akifurahi huniomba niweke kijiwe kidogo juu ya kaburi. Ndivyo wafanyavyo kwao, ijulikane mtu amekuja.

Kila Alhamisi Baba hunipeleka kwa gari lake bovu. Jina lake Mbarouk. Umri wake ni wa kusahau alikoweka miwani, lakini njia hasahau. Yeye haingii. Hukaa garini na redio yake na chupa ya chai, nikichelewa hupiga honi kama mtu aliyekuja kuchukua bibi harusi.

Sisi Waislamu wa hapa makaburi yetu hayana majina. Huwekwa jiwe tupu la kichwani, basi, tajiri na maskini sawasawa. Nimekua nikiona ndivyo inavyopasa, na bado naona hivyo. Lakini kwa hili lako, dada yako ana bahati ya kuwa upande wenye mawe ya kusomeka. Nitamtafuta. Niandikie majina yake yote, khasa lile la kwenye pasi, na uniletee picha yake kama unayo. Usinifiche kitu hata kikiwa kidogo, maana jiwe hutafutwa kwa vitu vidogo.

Mama yako mzazi mpe salamu zangu.

Wahida binti Mbarouk


Riyadh, 24 Februari 2013

Bi Wahida,

Asante sana. Niliisoma barua yako nikiwa nimejifungia mahali pa kufulia, na kwa mara ya kwanza tangu nifike huku nimeitwa mwanangu.

Jina lake ni Jael Kageha. Kwa pasi ni hivyo hivyo. Alikuwa mrefu kunishinda, na mkono wa kushoto alikuwa na kovu kubwa, alimwagikiwa na uji wa moto tukiwa wadogo. Kwetu yeye ndiye alikuwa akisuka watu wote nywele, hata mke wa pasta. Picha yake iko kwa simu, na simu unajua iko kwa nani.

Salimia Mzee. Mwambie asichoke na honi.

Beldina


Jeddah, 9 Jumada al-Ula 1434 (21 Machi 2013)

Mwanangu Beldina,

Habari ninazo nyingi, na ile unayoitaka haimo.

Jiwe la Samuel limepatikana. Lilikuwa limeanguka kifudifudi, bawabu akanisaidia kuligeuza, na upande uliolalia mchanga umehifadhika kama limechongwa mwaka jana. Nilipompigia Samuel, picha ikiwa mbele yake, alilisoma mwanzo mpaka mwisho kwa sauti ndogo. Nimefurahi kwa ajili yake, na nimeona haya kwa ajili yako.

Upande wa makaburi mapya nimeyapitia mengi. Mengine ni bamba la saruji lenye jina lililochorwa kwa msumari. Nimeona Wafilipino, Wahabeshi, Wahindi, na mwanamume mmoja wa Kisumu. Jael sijamwona. Zimebaki safu za nyuma.

Juzi garini Baba aliniuliza namtafuta nani siku zote hizi. Nikamwambia ni msichana wa Kenya, Mkristo. Akasema, "Mie nishamzika msichana wa Kenya, mwaka juzi wakati wa joto. Jamila. Mama yako ndiye aliyemkosha." Mama yangu, Bi Zuwena, hukosha maiti wa kike, na akiletewa Mswahili asiye na jamaa humsukuma Baba aende mazikoni, ili maskini asizikwe na watu wasiomjua peke yao. Basi huyo Jamila Baba aliingia kaburini akampokea kwa mikono yake. Anasema kaburi lake analijua mpaka leo, karibu na bomba la maji na pahala ukuta ulipobomoka, na ndiye peke yake anayelijua, maana waliokuwa naye walikuwa vibarua wa kupita tu.

Nikamwambia, "Siye huyo, Baba. Huyo wako ni Mwislamu." Akasema, "Basi siye," akawasha redio yake.

Nakuandikia haya uone tu kwamba watoto wa kwenu wanaofia huku hawatupwi. Subira, mwanangu. Bado naendelea na mawe.

Wahida


Riyadh, 31 Machi 2013

Zacharia kaka yangu,

Barua hii inakuja na Peris. Anafanya kazi kwa dada ya madam, na anakuja likizo ndefu. Isome ukiwa peke yako na usimpe mum.

Zach, nimempata Jael. Unakumbuka vile alituambia kwa simu akicheka kwamba ajenti amemtolea pasi nyingine ya jina Jamila, juu hiyo familia huenda Makka kila mwaka na watoto na hawataki msichana asiye Mwislamu? Alisema ni jina la kazi kama aproni, akifika nyumbani atalivua. Ni sisi wawili tu tulijua. Basi walimzika nalo. Yule mama wa Jeddah niliyemwomba atafute jiwe ameniandikia kwamba babake mwenyewe ndiye alimweka kaburini msichana wa Kenya anayeitwa Jamila, mwaka ule ule, wakati ule ule, na analijua kaburi. Hajui ni yeye, juu aliponiuliza jina la pasi nilimpa Jael tu. Ananiambia tu kama story.

Nimeshika kalamu nimjibu nikashindwa. Huyo mama anaswali, Zach. Nimwambie aje kwamba dada yetu alisema shahada ya uongo ili apate kazi ya kupikia watu? Ataona tulichezea dini yake, na babake aliingia kwa hilo kaburi kwa heshima. Halafu makaburi yao hayana majina. Hata mzee akituonyesha, mum atapata picha ya changarawe na jiwe tupu. Hakuna msalaba, hakuna Jael. Wale kina mama watasema si tulijua.

Kwa hivyo nataka kumwomba picha ya msalaba usio na jina. Msalaba ni msalaba. Mum alie, tuzike mgomba, iishe. Huyo mzee yuko tu, haendi popote. Nikishamaliza hii ya mum nitawaambia ukweli polepole.

Usiniandikie unigombeze. Najua.

Belly


Riyadh, 7 Aprili 2013

Bi Wahida,

Asante kwa kazi yote, na asante kwa kunipa hiyo habari ya Mzee na yule msichana. Ni mtu mzuri.

Nimefikiria jambo. Kama kwa hizo safu za nyuma utaona kaburi lenye msalaba na halina jina, naomba unipigie hilo. Huenda ni la Jael, huenda si lake, Mungu anajua. Mama hatajua tofauti na moyo wake utatulia. Sitakuomba kitu kingine tena.

Beldina


Jeddah, 15 Jumada al-Akhira 1434 (25 Aprili 2013)

Beldina,

Hapana.

Nimeweka kalamu chini nikanywa maji, sasa naendelea. Samuel aliwahi kunisimulia habari ya binamu yake aliyemhurumia shangazi yao mzee akampelekea picha ya jiwe lisilo la mumewe. Yule bibi aliitundika picha chumbani, akaiombea miaka na miaka. Jiwe la kweli lilipokuja kuonekana hakuna aliyethubutu kumwambia, na mume akabaki kule alikolala hana wa kumkumbuka. Samuel bado analizungumza kama lililotokea jana.

Jiwe lisilo na jina nalo lina mwenyewe. Nikikupigia msalaba huo nimemnyang'anya mtu kaburi lake, na Jael bado sijampatia lake. Mie kazi hii naifanya ili watu wasichanganywe. Nimekukasirikia kidogo, lakini itapita, usiache kuniandikia.

Fanya ujanja upate ile picha. Mama naye anaitaka, anasema yeye hukumbuka nyuso kuliko majina.

Baba ana kikohozi. Alhamisi hii alinipeleka lakini honi hakupiga, nilipotoka nimemkuta amesinzia juu ya usukani. Nikamwambia apumzike. Ati ataanza kupumzika mwaka ujao.

Wahida


Riyadh, 12 Mei 2013

Bi Wahida,

Umenigombeza vizuri. Nilistahili kuliko unavyojua.

Picha ni hii. Juzi madam aliponipa simu nilimtumia mlinzi haraka haraka, naye akaenda kuitoa kwa studio huko Shumaisi. Fridah ndiye aliipiga, kwenye ngazi za ile nyumba ya Al-Hamra. Jael amevaa baibui na mtandio kama kila mtu huku.

Naomba kitu kimoja. Kabla hujaenda tena kwa mawe, mwonyeshe mama yako hii picha. Mwonyeshe Mzee akiwa hapo hapo. Halafu waulize. Kuna jambo nimejaribu kuliandika mara nyingi na mkono unakataa, na wao watakuambia bila mimi kuandika. Ukishajua, unikasirikie vile unataka.

Beldina


Jeddah, 13 Ramadhani 1434 (22 Julai 2013)

Beldina,

Barua yako ya Mei imenifikia juzi. Victor anaomba radhi. Kafili wake, yule mdhamini wa kazi, alimhamishia njia ya Dammam, na bahasha ilikuwa imelala kwenye lori muda wote huo.

Baba amefariki katika Shaaban, siku chache kabla mwezi haujaandama. Kifua. Alikwenda hospitali akiendesha gari mwenyewe, akaturudia amebebwa. Kaka yangu Saif na wanaume wa Kiunguja walikwenda kumzika, sisi wanawake tukabaki nyumbani, na sasa naye amelala chini ya jiwe tupu kama wale aliowazika.

Jana baada ya kufuturu nilimwonyesha Mama picha yako. Alivaa miwani, akaitazama, akasema, "Huyu Jamila. Nimemkosha mie." Kisha akaupapasa mkono wake mwenyewe wa kushoto, akinionyesha lilipokuwa kovu la dada yako. Habari za kovu sikuwa nimemwambia.

Nimezisoma barua zako upya zote. Jina lile nilikuandikia mwezi wa Machi. Ukanijibu kuhusu misalaba.

Kama uliogopa nitamhukumu dada yako, basi hukunijua. Baba mwenyewe aliingia nchi hii kwa pasi ya binamu yake, na mpaka anakufa ikama yake, kibali cha kukaa huku, ilikuwa na jina la mtu mwengine. Alichonuia Jael moyoni ni baina yake na Mola wake, hakuna aliyeniajiri mie kukipima. Kilichonichoma ni Baba. Kila Alhamisi alikaa garini nje ya ukuta, mie ndani nikiyamwagia maji mawe ya watu, na jibu alikuwa nalo yeye. Tena aliniambia kwa mdomo wake. Nikamwambia siye. Hilo ni langu, sikutupii wewe lote.

Leo asubuhi Saif amenipeleka. Huku wanawake hatuingii makaburini kwetu, basi yeye akaingia, mie nikakaa garini, pahala pa Baba. Ukuta wameujenga upya na mabomba wameongeza kila upande. Kule ndani ni changarawe na mawe yanayofanana. Saif alizunguka mpaka jua likamshinda. Alirudi akasema lau asingekuwapo mazikoni, hata la Baba asingelijua. Nilimwambia apige picha ya uwanja wote. Imo ndani ya bahasha hii. Jael yumo humo, Beldina, lakini siwezi kukuwekea kidole.

Mama anasema umpelekee mama yako maneno haya. Dada yako alifika amesukwa mistari myembamba, mingine haijamalizwa. Kwetu maiti wa kike hufumuliwa nywele, zikakoshwa, kisha zikasukwa mikia mitatu. Mama alizifumua taratibu kwa sababu aliona zimesukwa na mkono hodari, hakutaka kuziburura. Na alimsemesha Kiswahili muda wote ili asione yuko ugenini. Alikuwa akimwambia, "Pole mwanangu, tunakaribia kumaliza."

Mie nina hasira bado. Na wewe bado ni mwanangu. Andika utakapoweza.

Wahida


Riyadh, 17 Novemba 2013

Bi Wahida,

Nimekaa na barua yako tangu Ramadhani. Pole kwa Mzee. Pole yenyewe imechelewa kama kila kitu nilichokufanyia.

Ulisema hunitupii lote. Sehemu yangu ni hii. Nilijua siku ile ile niliyosoma jina la Jamila kwa barua yako. Nilikuwa jikoni, nikaikunja, na nikajiambia huyo mzee yuko tu. Maneno hayo niliyaandikia hata kaka yangu. Nilikuwa nimetaka hilo jiwe sana mpaka nikalitaka kuliko nilivyomtaka Jael, na sikujiona nikifika hapo.

Mwezi wa nane madam aliponipa simu nilimwambia mama kila kitu kwa Kilogoli, madam akiwa amesimama hapo haelewi. Mama hakuniuliza dini, hakuniuliza msalaba. Aliuliza, "Nani alimwosha?" Nikamwambia ni Bi Zuwena, mama wa Zanzibar, na kwamba alimfumua nywele polepole na kumwongelesha. Mama akasema, "Hizo nywele alizisuka mwenyewe. Mimi ndiye nilimfundisha, na hakupenda kusaidiwa." Ndipo akalia. Madam alichukua simu akaniambia halas, yaani basi, lakini akanipa kitambaa.

Walizika mgomba mwezi wa kumi. Kina mama wa kanisa waliingia wachache. Wengine walisimama kwa barabara nje ya ua, na Zacharia anasema mama alianzisha wimbo yeye mwenyewe, na baadaye wale wa nje nao wakaitikia, si wote.

Kuhusu jiwe, mama aliita fundi akamwambia aandike Jael Kageha, na chini yake aandike Jamila. Pasta alimuuliza kwa nini aweke jina la aibu kwa boma lake. Mama alimjibu, "Kuna watu walimtafuta mwanangu kwa jina moja wakampita. Sitaki mwingine apotee."

Peris amerudi na picha, nami nakutumia. Fundi hakuwa na mkono mzuri, herufi za mwisho zimebanana, lakini linasomeka hata bila kioo chako. Huyo amesimama kando ni mama, alikataa kutazama kamera. Naomba uiweke picha hii pamoja na zile za mawe ya Samuel, mtu akitafuta aipate.

Mwonyeshe Bi Zuwena. Ningetaka Mzee naye alione. Angesoma hilo jina la chini, angekuambia ingia garini twende, na leo mama yangu angejua ni wapi.

Beldina